Mwaka Niliokuwa Mikono ya Mama Jumwa

Kazungu alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani kwangu Malindi nachuja asali. Mikono ilikuwa inanata hadi viwikoni, kwa hiyo simu niliibana kati ya bega na shavu, na habari yenyewe niliipokea shingo imepinda. Mama yake, Mama Jumwa, amefariki. Alikunywa uji wake, akajilaza, akaomba afunguliwe dirisha, na aliyefungua alipogeuka akakuta keshaondoka. "Alikuwa na themanini na kitu," Kazungu akasema. "Hicho kitu hata mwenyewe hakukijua." Mimi nikauliza swali ambalo mtu mwingine asingeliuliza: kama aliumwa na nyuki. "La, Rukia. Amekufa na uzee wake tu. Tumeshukuru." Nami nilishukuru. Nikamalizia kuchuja, maana asali ukiiacha katikati inaingia wadudu, nikafunga duka na kwenda Matsangoni.

Nina wanafunzi siku hizi. Wanakuja na madaftari, wengine na simu za kupigia picha, na swali la kwanza huwa ni lile lile: ulianzaje, na hukuogopa? Mimi huwajibu kwamba nilianza kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, na kwamba niliogopa sana. Hayo ni kweli. Lakini kuna jambo moja la mwaka ule ambalo sikupata kumwambia mwanafunzi yeyote, wala mume wangu, wala shangazi yangu mpaka akafa, na nilikuwa nimekusudia kufa nalo. Kila nilipokwenda Matsangoni, kwa miaka thelathini na kitu, nilikwenda na kikapu cha mchele mkononi na jambo hilo moyoni, na nikarudi nalo. Sasa naweza kuliandika, na sababu ya kuweza nitaifikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kukaa katika duka la viungo la shangazi yangu, mji wa kale, nikipima bizari na kubishana na wateja. Mama Jumwa alikuja kila mwezi na madumu mawili ya asali. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa makamo, na alisema kwa sauti ya juu kana kwamba sisi sote tuko upande wa pili wa shamba. Siku moja alimaliza kumimina, akanitazama nilivyosimama juu ya stuli nikiua mende kwa kandambili, akamwuliza shangazi, "Huyu msichana wako anaogopa kitu?"

"Huyu?" shangazi akasema bila kuinua macho. "Hana aogopacho ila kazi."

"Basi nipe mimi. Natafuta mtu wa kumfunza nyuki. Miezi mitatu, nione kama anafaa."

"Mchukue. Akikushinda mrudishe, lakini usimrudishe Ijumaa, nina wageni."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Ningeweza kukataa, na nadhani shangazi alitarajia nikatae, ndiyo maana sikukataa. Nilikuwa hivyo wakati ule, na wanaonijua watasema sijabadilika sana. Nilifunga nguo zangu, nikaingiza na kichupa changu cha halud, yale mafuta ya kunukia, na kipande cha udi kwenye mkebe, nikaenda shamba.

Nyumba ya Mama Jumwa ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba vitatu, nami nikapewa cha kati, kilichokuwa ghala la vitu vya nyuki. Kitanda changu cha kamba kilisukumwa katikati ya ndoo, magunia ya makumbi makavu ya nazi ya kutilia moshi, na madonge ya nta yaliyopangwa juu ya ubao kwa ukubwa. Ukutani palitundikwa koti zito la mvua na kofia ya ukindu iliyoshonewa kipande cha chandarua mbele. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yetu yote. Kila kitu kilinuka moshi na nta, na juma la kwanza nilidhani sitapata usingizi ndani ya harufu ile. Jikoni nilikuta nimewekewa sufuria yangu peke yangu, mpya, na kisu changu, kwa sababu mimi ni Mwislamu na wao si Waislamu. Hakuna aliyemwambia Mama Jumwa afanye hivyo. Jioni tulikula wari, ndio ugali wao, kwa mboga ya mchunga iliyochemshwa ikabaki na uchungu wake, au kwa kunde za nazi, au dagaa. Tulikula watatu: mimi, Mama Jumwa, na Kache, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa na nyumba yake uani hapo hapo, na beberu aliyemfunga nyuma yake. Kache alikuwa na miaka arobaini hivi na maneno machache. Angeweza kula chakula kizima akisema "chumvi" tu. Mimi, niliyelelewa katika nyumba ambayo watu wanne husema kwa pamoja, niliona ananichukia, na sikujishughulisha kuhakikisha.

Sheria nilipewa siku ya pili, nilipotoka chumbani nimejifukiza vizuri, tayari kwa kazi.

"Hiyo harufu ni ya nini?" Mama Jumwa akauliza.

"Udi, mama."

"Udi utauacha Malindi. Na asmini, na halud, na mafuta ya nywele, na hiyo sabuni yako ya kunukia. Hapa utaoga kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Nyuki anakujua kwa harufu. Ukimwendea unanukia harusi, ataona amevamiwa."

Nilikasirika mno. Kwetu mwanamke asiyejifukiza ni mwanamke aliyekata tamaa, na mimi nilikuwa sijakata tamaa ya kitu chochote. Lakini nilivua, nikaoga tena kwa sabuni ya kufulia, nikatoka ninanuka dobi.

Mizinga ilikuwa kumi na mmoja. Yalikuwa magogo yaliyochimbwa ndani na kuzibwa pande mbili, yametundikwa kwa waya kwenye mikorosho mwisho wa shamba, hatua mia mbili na zaidi kutoka nyumbani. Tulikwenda alasiri jua likipoa. Mama Jumwa alinisindikiza mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa nusu ya njia, akasimama, akanionyesha kwa kidole mahali pa kwenda. Kutoka pale akafundisha kwa kupiga kelele. "Washa makumbi. Sitaki moto, nataka moshi. Haya, ligonge gogo kwa kidole, mara moja. Wamesema nini?"

"Wamevuma."

"Wamevuma kwa ufupi au kwa urefu?"

Sikujua kwamba kuna ufupi na urefu. Ukigonga gogo la nyuki wazima, wanajibu kwa mvumo mmoja mfupi kisha wananyamaza, na ukigonga la nyuki waliopotewa na malkia, wanavuma muda mrefu hawaachi. Hilo nilifundishwa kutoka kichuguuni. Nikafundishwa kutoka huko huko kwamba sega lililofunikwa kwa nta nyeupe ni asali, na lililofunikwa kwa rangi ya udongo ni watoto na halikatwi, kwamba mwiba haubanwi kwa vidole bali hukwanguliwa kwa ukucha, kwamba usiwapumulie. Siku ya kwanza nilichomwa mara tisa. Yeye alisimama kivulini amejifunika kanga mpaka puani, akisema "polepole" kila nilipopiga yowe. Nilirudi nyumbani nimefura jicho moja, nikamwona ni mwanamke mvivu na mkorofi, aliyetafuta mtumishi akamwita mwanafunzi. Miezi mitatu nilimwona hivyo. Hakugusa mzinga hata mara moja, wala hakuvuka kile kichuguu, na mimi nilihesabu miiba yangu na kumwekea kinyongo kwa kila mmoja.

Mwezi wa nne ndipo nilipojua. Kazungu, mwanawe mkubwa, alikuwa akifanya kazi Kilifi na kuja nyumbani Jumamosi. Jumamosi hiyo nilikuwa nje, nyuma ya ukuta wa makuti wa jiko, nayeyusha nta kwenye kopo, kazi ambayo haiwezi kuachwa kwa sababu nta ikichemka inashika moto. Wao walikuwa ndani. Walisema Kigiriama, lakini nilishaanza kukisikia.

"Daktari alikwambia mara ngapi?" Kazungu alikuwa akisema. "Mwili wako umewakataa. Miaka ishirini wamekuuma hukujali, na mwaka jana mmoja tu alikulaza siku mbili. Ukiumwa tena utakufa."

"Sishiki tena. Anashika Rukia."

"Nyuki wanajua hilo? Mama, mimi sitazika mtu kwa ajili ya asali. Nasema mbele ya Shangazi Kache. Siku huyo msichana wako atakapowaleta nyuki mlangoni hapa, namrudisha kwao, na mizinga naichoma yote."

"Ukiichoma mimi nitafanya nini?"

"Utakaa."

"Nitakaa," Mama Jumwa akasema. Hakusema kwa hasira. Alilisema neno lile kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Kisha nikasikia sauti ya Kache, kwa nadra yake: "Mwambieni basi msichana mwenyewe."

"Asiambiwe. Akijua ataogopa. Mkono wenye woga unakwenda haraka, na mkono wa haraka ndio unaoumwa."

Nilibaki pale na kopo langu mpaka nta ikaganda pembeni. Nilikuwa msichana mwenye kiburi, lakini sikuwa mpumbavu. Nilielewa kwamba yule mwanamke hakuwa na kitu kingine duniani alichokijua na kukipenda ila yale magogo kumi na moja, kwamba hawezi tena kuyagusa, na kwamba kinachoyaweka juu ya mikorosho ni mikono yangu miwili. Niliona haya kwa kinyongo changu. Sikumwambia kwamba nimesikia. Tangu siku ile niliacha kupiga yowe, na nilipochomwa nilikwangua nikaendelea, na yeye kichuguuni akadhani ni mafunzo yake yaliyoniingia. Miezi mitatu iliyopangwa ilikuwa imekwisha. Nikapeleka habari kwa shangazi kwamba nabaki.

Mwezi wa sita alinipa mzinga wangu mwenyewe, wa kumi na mbili. Nililichimba gogo kwa tezo chini ya macho yake, siku nane, nikalipaka nta na majani ya mchaichai ndani ili nyuki walipende, nikalitundika kwenye mkorosho wa mwisho na kungoja. Walikuja baada ya wiki tatu. Nililigonga kwa kidole, wakanijibu kwa mvumo mmoja mfupi, nami nikakimbia mpaka kichuguuni kumwambia, na Mama Jumwa akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Sasa nina mizinga zaidi ya mia, ya mbao, yenye namba. Sijapata kupenda mmojawapo kama lile gogo, na ni mapenzi hayo yaliyotaka kumwua Mama Jumwa.

Binamu yangu aliolewa Malindi. Nilikwenda siku tatu, na kwa siku tatu nilijilipa miezi yangu yote ya sabuni ya kufulia. Nilipakwa hina, nikafukizwa udi mpaka nguo za ndani, nikapakwa halud, na siku ya kuondoka shangazi alinibandika kifuani kikuba, lile fungu la asmini, mrehani na mkadi ambalo wanawake wetu huvaa harusini. Nilikusudia kuvivua vyote njiani. Kisha nikakusudia kuvivua nikifika. Nilifika Matsangoni alasiri kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye mikorosho, na mkorosho wa mwisho ukawa wa kwanza kwangu. Nilikuwa sijausikia mzinga wangu kwa siku tatu. Nikajiambia, nitagonga tu. Sitafungua, nitagonga mara moja na kusikiliza, kisha nitakwenda kuoga. Niliweka sikio kwenye gogo, kifua changu kimeligusa, kikuba chini ya buibui, nikagonga.

Walitoka wote. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nikafanya kosa la pili, ambalo nawaonya wanafunzi wangu kila siku bila kuwaambia nililijulia wapi: nilikimbilia nyumbani. Mtu akiogopa hukimbilia kwa watu. Mama Jumwa alikuwa ameketi nje mlangoni akiambua kunde, ungo mapajani, na aliponiona aliinuka, na mimi nikapita mbio mbele yake nikaingia chumbani kwangu na kusukuma mlango. Wale walionifuata walimkuta yeye amesimama. Walimuuma wawili tu, mmoja shingoni, mmoja mdomoni. Kache alitoka kwake na kanga ya maji, akampiga piga na kumfunika, na mimi nilipotoka nilimkuta Mama Jumwa chini, mikono imefura, anavuta pumzi kwa sauti ya mtu anayekoroma ilhali macho yako wazi na yananitazama. Jirani alileta baiskeli. Walimpakia nyuma, Kache akamshika kiunoni akikimbia kandokando, wakaenda zahanati.

Nilibaki peke yangu uani na kunde zimemwagika. Nilifanya nini? Niliking'oa kile kikuba nikakitupa chooni. Nikavua nguo zote nikazifua kwa majivu, nikaoga kwa sabuni ya kufulia mara tatu. Wakati watu wanapigania roho ya yule mama, mimi nilikuwa nafuta harufu yangu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya hivyo kwa ajili ya mizinga yake au kwa ajili yangu. Jibu la kweli ni kwamba nilifanya kwa ajili yangu, na mizinga niliifikiria baadaye, nilipotafuta kisingizio.

Alichomwa sindano, akapona. Walimrudisha magharibi, amefura uso mzima, hawezi kufungua mdomo, wakamlaza kwenye mkeka sebuleni. Kazungu alifika kutoka Kilifi muda huo huo, mtu alikwisha kumpelekea habari. Hakuketi. Alisimama juu ya mkeka akauliza, "Nani amefungua mzinga?"

Kache alikuwa amepiga magoti akimlowesha wifi yake midomo kwa kitambaa. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Rukia, nakuuliza wewe. Nyuki wamefikaje hapa?"

"Ni mbuzi," nikasema. Sijui nilimtoa wapi. "Yule beberu wa Dada Kache. Alikata kamba, akaenda kujisugua kwenye mzinga wa mwisho, ule wa chini. Nilikuwa napita, nikawaona wametoka."

Kazungu akamgeukia Kache. Nilianza kutafuta maneno ya kukiri. Kisha Kache akasema, akikamua kitambaa, "Kamba yake ilikuwa imechakaa. Nilisema nitaibadilisha." Akakitandaza kitambaa. "Nitamchinja."

Nilidhani ni bahati yangu. Nilidhani beberu yule kweli huenda ana kamba mbovu, na kwamba Mungu amenisitiri. Kazungu alizunguka chumbani, akavuta pumzi, akasema mbuzi ni mbuzi, ila mizinga isogezwe mbali zaidi, mpaka wa pili wa shamba, karibu na mikoko. Hakusema tena habari ya moto.

Kesho yake Kache alimchinja. Au tuseme, alimchinjisha. Alikwenda kumwita Mzee Athumani, jirani Mwislamu, aje amchinje kwa kisomo, ili nami nisikose nyama. Beberu yule alikuwa mkubwa, mweusi mwenye baka jeupe, na Kache alikuwa akimtunza kwa ajili ya posa ya mwanawe aliyekuwa kazini mjini. Supu ilipikwa katika sufuria yangu. Mama Jumwa alinyweshwa kwa kijiko, na mimi nilipewa bakuli langu na kipande cha mguu. Kache aliketi mkabala nami. "Kula," akasema. Nilikula. Nilimmaliza yule mbuzi niliyemsingizia, kwa siku mbili, kwa ugali na ndimu, na kila nilipoinua macho Kache alikuwa anatazama pengine.

Sehemu iliyobaki ya mwaka haina mengi. Tulihamisha mizinga mmoja mmoja alfajiri, mimi na vijana wawili wa jirani, midomo ya magogo tumeiziba kwa matambara. Kule mikokoni Mama Jumwa hakuweza kufika hata nusu ya njia, kwa hiyo alinifundisha jikoni. Nilirudi, nikaoga, nikaketi, naye akauliza: wamejenga upande gani, sega lina upana wa vidole vingapi, umeona siafu, wanatoka na chavua ya rangi gani. Nilipokosea jibu alinirudisha kesho yake kwenda kutazama tena. Asali ya mikoko ilitoka nyepesi zaidi kuliko ya mikorosho, na ina chumvi kwa mbali. Alipoionja mara ya kwanza alilamba kidole, akaonja tena, akasema, "Hii sijawahi kuipata mimi nilipokuwa nashika." Hakusema neno lolote kuhusu siku ile. Hakuniuliza habari ya mbuzi wala ya nyuki. Mwaka ulipokwisha nilirudi Malindi na gogo moja, na kila msimu nilikwenda kumvunia. Nilimvunia mpaka mwaka huu. Katika maisha yake yote yaliyobaki hakukosa mizinga, na hakuumwa tena.

Hangani, pale msibani, watu walikuwa wengi kuliko viti. Kazungu, ambaye sasa ana mvi na fimbo, alinipokea kwa mikono miwili na kuniketisha na wanawake wa nyumba. Tulimzika alasiri. Watu walipokwisha kula, nilimkuta Kache nyuma ya jiko, kwenye kigoda, anasugua masufuria kwa majivu na makumbi. Macho yake hayaoni mbali tena, lakini mikono ni ile ile. Nikavuta kigoda cha pili nikachukua sufuria. Sikuwa nimepanga kusema. Nadhani ilikuwa kwamba yule niliyeogopa kumwumiza keshaondoka, na aliyebaki ni huyu niliyemla mbuzi wake.

"Dada Kache, nina jambo lako la zamani. Lile la beberu."

"Yupi?"

"Yule mweusi. Hakukata kamba. Ni mimi niliyekwenda mzingani nimevaa kikuba, natoka harusini. Nilikusingizia mbuzi wako."

Kache aliendelea kusugua. "Najua hakukata kamba," akasema. "Nilimfunga mimi, nyuma ya nyumba yangu. Tuliporudi kutoka zahanati alikuwa bado amefungwa pale, anacheua."

Niliiweka sufuria yangu mapajani. Nikamwuliza kwa nini basi alisema kamba imechakaa.

"Wifi alikuwa amelala pale, hawezi kusema. Ulipotaja mbuzi alinitazama. Nilikuwa nimekaa naye miaka kumi na tatu, nilijua ananiomba nini." Akayamwaga maji ya majivu, akachota mengine. "Alikuwa amekunusa ulipompita mlangoni. Mimi nilikunusa nilipokuja na kanga. Nyumba nzima ilinuka asmini, Rukia, mpaka kesho yake. Ni Kazungu tu, yeye alikuwa na mafua."

"Na hamkuniambia. Miaka yote hii."

"Tungekwambia ungeona haya ukarudi kwenu. Kazungu alitaka mwenye kosa, na tulikuwa na wewe na mbuzi. Mbuzi tungepata mwingine." Akaisuuza sufuria, akaiweka kando. "Wewe ungeondoka, na yeye angekaa."

Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu simu ya Kazungu, na si msiba peke yake niliokuwa nikiulilia. Kache aliniacha. Baada ya muda alinyosha mkono, akaichukua sufuria iliyokuwa mapajani mwangu, akaisugua yeye.